Tabaka lililobanduliwa: kisa cha kioo cha Galaxy Fold

Fundi wangu wa simu pale Kariakoo ana tepu mbili mezani. Moja ni nyeupe, ya kufungia maboksi. Ya pili ni ya njano iliyokolea, rangi ya chai ya rangi ukiitazama kwenye glasi, na hiyo haiazimishi ovyo. Akitaka kung'oa chipu kwenye bodi, kwanza hufunika vipande vya jirani kwa tepu ya njano, ndipo anawasha mashine ya kupuliza joto. Hewa inayotoka pale ni ya nyuzi 350 za Selsiasi. Risasi inayeyuka, plastiki ya soketi isiyofunikwa inajikunja, tepu inakaa vilevile.

Juzi alinipigia. Ameletewa simu ya kukunja, na katikati ya kioo kuna ngozi nyembamba inayoinuka. "Kaka, hii ni protekta au ndiyo kioo chenyewe? Niibandue?" Nikamwambia aiache nifike. Swali hilo lilishawahi kuwapata watu wenye uzoefu mkubwa wa simu, mwaka 2019, wakiwa na simu ya dola 1,980 mkononi, na wengine wao walibandua. Kisa chao kinafaa kuchambuliwa vizuri, kwa sababu ile tepu ya njano na ile ngozi ang'avu ni watoto wa ukoo mmoja.

Aprili 2019

Samsung ilitangaza Galaxy Fold tarehe 20 Februari 2019. Ukiifungua kama daftari, ndani unakuta kioo cha inchi 7.3 kisicho na mstari wa kuunganisha, na kampuni iliahidi kitavumilia kukunjwa mara 200,000. Mauzo Marekani yalipangwa kuanza 26 Aprili. Siku tisa kabla ya hapo, waandishi waliopewa simu za majaribio wakaanza kuweka picha za vioo vilivyokufa.

Walikuwa wa aina mbili, na hapa ndipo wengi waliosimulia kisa hiki walipochanganya mambo. Mark Gurman wa Bloomberg na Marques Brownlee, anayechambua simu YouTube, waliona ukingo wa plastiki juu ya kioo, wakadhani ni karatasi ile inayokuja na kila simu mpya. Wakaibandua, kioo kikaharibika. Lakini Dieter Bohn wa The Verge hakubandua chochote. Kwake ulitokea uvimbe mdogo kwenye mkunjo: kuna chembe ilikuwa imepenya hadi chini ya kioo na kukisukuma kutoka nyuma. Steve Kovach wa CNBC naye hakubandua kitu, na upande mmoja wa kioo chake ukawa unawaka na kuzima wenyewe.

Samsung ilieleza kwamba tabaka lile la juu ni sehemu ya muundo wa kioo, wala si protekta ya kutoa. Tarehe 22 Aprili ikaahirisha mauzo. Mafundi wa iFixit waliifungua simu moja na kuchapisha picha za ndani, kisha wakaziondoa baada ya Samsung kuwaomba kupitia mshirika aliyewapa simu hiyo. Miezi michache baadaye DJ Koh, mkuu wa kitengo cha simu, alikiri kwamba lilikuwa jambo la aibu na kwamba aliisukuma simu sokoni kabla haijawa tayari.

Mitandaoni watu waliwacheka waliobandua. Mimi siwacheki. Tabaka lile liliishia kabla ya kufika kwenye fremu, likaacha mwanya mwembamba pembeni, mwanya ambao ukucha unaingia. Miaka kumi na zaidi tumefundishwa kwamba plastiki yenye mwanya wa ukucha kwenye simu mpya ni ya kubandua. Mtengenezaji akiweka kitu kama hicho halafu akasema msiguse, kosa ni lake.

Kioo kisicho na kioo

Kiswahili chetu kinatudanganya kidogo hapa. Tunasema "kioo cha simu" hata pale ambapo hakuna kioo ndani yake. Kwenye Galaxy Fold ya kwanza sehemu yote ya kuonyesha picha ilikuwa plastiki: tabaka juu ya tabaka, zimeshikana kwa gundi laini, na katikati yake ndimo zilimo taa za OLED, nyembamba kuliko unywele. Tabaka la kufunika juu, lile ambalo kwenye simu nyingine ni kioo kigumu, hapa lilikuwa poliimidi, plastiki ya ukoo wa ile tepu ya fundi, ila isiyo na rangi, kutoka Sumitomo Chemical ya Japani.

Kwa nini plastiki? Piga hesabu. Ukikunja karatasi yoyote, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, na kiasi cha kuvutika ni unene wa karatasi ukigawanya kwa kipenyo cha mkunjo. Tuseme kioo kinakunjwa kuzunguka duara la kipenyo cha milimita 3. Kioo cha kawaida cha unene wa milimita 0.7 kingetakiwa kuvutika zaidi ya asilimia 20. Kioo hakina uwezo huo hata kwa ndoto, kwa kawaida hupasuka kabla ya kufika asilimia moja. Utando wa plastiki wa mikroni 50, yaani milimita 0.05, unatakiwa kuvutika chini kidogo ya asilimia 2, na plastiki nyingi zinaweza.

Zinaweza mara moja. Tatizo ni mara 200,000, na pia ile hali ya simu kulala imekunjwa usiku kucha. Plastiki ya chupa za maji, PET, ni ang'avu na bei yake ni ndogo, lakini huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na ukiiacha imekunjwa kwa kubana huamka na alama. Minyororo ya molekuli zake inateleza polepole, na ikishateleza hairudi. Unataka polima, yaani dutu ya minyororo mirefu ya molekuli, ambayo minyororo yake ni migumu kama fito, isiyoteleza, inayokumbuka ilikokuwa.

Na hapo ndipo unakutana na tepu ya fundi. Kiwango cha joto ambacho polima huacha kuwa ngumu na kuanza kulegea kinategemea jambo hilohilo: ugumu wa mnyororo na jinsi unavyoshikamana na jirani yake. Simu haitafika nyuzi 300 hata ukiisahau kwenye dashibodi ya daladala saa saba mchana. Aliyechagua polima isiyoogopa joto kwa ajili ya kioo cha kukunja alikuwa anafuata ule uti wa mgongo unaoleta uvumilivu wa joto. Faida ya pili ni kiwandani: utando unapopakwa matabaka mengine hupita kwenye tanuru, na usiolegea haraka hurahisisha kazi.

Njano inatoka wapi

Tepu ya njano ni poliimidi ambayo DuPont iliipa jina la Kapton na kuiingiza sokoni miaka ya 1960. Inatengenezwa kwa poda mbili. Moja ni dianihidridi, yenye njaa ya elektroni. Nyingine ni diamini, yenye elektroni za kugawa. Unaziyeyusha kwenye kiyeyushi, zinashikana, unapata uji mzito unaovutika kama asali, wenye unjano wa mbali sana. Unaumwaga juu ya bamba la kioo, unaupitishia wembe uliowekwa kwa kipimo ili unene uwe sawa kila mahali, unauacha ukauke, kisha tanuru: saa moja kwa nyuzi 100, saa moja kwa 200, saa moja kwa 300. Maji yanatoka, pete zinafunga kwenye mnyororo, na rangi inakolea mbele ya macho yako. Kinachotoka ni utando mgumu, wa rangi ya kaharabu.

Rangi hiyo si uchafu. Ni tabia ya poliimidi yenyewe. Pete zenye njaa ya elektroni na pete zenye elektroni za kugawa zinalala karibu karibu, mnyororo juu ya mnyororo, na mwanga ukipita unamsaidia mpaji kumpa mpokeaji elektroni yake. Mwanga unaofanya kazi hiyo ni wa urujuani na bluu, unaliwa humo humo, na kinachobaki kutoka upande wa pili ni njano. Shida ni kwamba ule ulalo wa karibu karibu ndio pia unaoifanya minyororo ishikane na kukataa kulegea. Kwa hiyo anayetaka kuondoa rangi anaingiza mkono kwenye kitu kilekile kinachobeba joto na ugumu.

Waliofanya hivyo kwa mafanikio mapema ni watafiti wa NASA kwenye kituo cha Langley, Virginia, wakiwemo Anne St. Clair na Terry St. Clair, waliopata hataza za poliimidi zisizo na rangi mwaka 1986. Walihitaji utando wa angani unaopitisha mwanga wa jua kwenda kwenye seli za sola bila kuula. Mbinu yao ilikuwa kuwatenganisha majirani. Katikati ya dianihidridi waliweka kiungo kilichopindika chenye makundi ya florini, manene, yanayochukua nafasi. Mnyororo haukuweza tena kulala bapa juu ya mwenzake. Upande wa diamini waliweka viungo vya oksijeni vinavyopinda kama kiwiko. Na walisafisha poda zao kwa bidii, kwa sababu diamini iliyokaa wazi kwenye hewa hubadilika kahawia taratibu na kuharibu kila kitu mbele yake. Utando wa Kapton wa mikroni 25 huzuia zaidi ya nusu ya mwanga kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 500. Huu mpya ulipitisha karibu asilimia 90.

Bei yake? Mmoja wa tando hizo, CP1, huanza kulegea kwenye nyuzi 263, wakati Kapton inapita 350. Kipande cha mita moja cha Kapton kikipashwa joto kwa nyuzi 100 zaidi kinarefuka milimita 2. CP1 inarefuka kama 5. Si hasara ndogo kama juu yake umebandika kitu kisichopenda kuvutwa. (CP1 baadaye ilitengenezewa tanga la NanoSail-D, chombo kidogo cha NASA kilichokunjua tanga lake angani Januari 2011. Miaka yote ile ya kuisafisha rangi, halafu wakaipaka alumini.)

Waliokuja baadaye walijaribu kupunguza bei hiyo. Dawa waliyoipenda sana ni diamini yenye pete mbili zilizounganishwa moja kwa moja, kila moja ikiwa na kundi lake la florini. Makundi hayo yanasukumana, pete zinajisokota zisikae bapa, lakini mnyororo unabaki umenyooka. Majirani wanatenganishwa bila kiwiko. Ndiyo njia iliyoifikisha poliimidi ang'avu kwenye simu, na ndiyo maana viwandani wanaiita poliimidi yenye florini.

Ndani ya simu moja ndugu hao wawili wanakaa pamoja. Chini ya taa za OLED kuna poliimidi ya njano, ambayo humwagwa juu ya bamba la kioo na kuivishwa kwa joto la mamia ya nyuzi ili transista, swichi ndogo za kuwasha na kuzima taa hizo, zijengwe juu yake. Kazi ikiisha, leza ya urujuanimno hupigwa kutoka chini, njano inaimeza pale pale kwenye mpaka, na utando unaachia bamba. Pale chini rangi ni msaada. Hakuna anayeiona, kwani mwanga wa picha unakwenda juu. Nyaya bapa zinazoingia kwenye bawaba nazo ni za njano hiyohiyo. Ni juu tu, kati ya picha na jicho, ndipo alipotakiwa ndugu asiye na rangi.

Nani alishindwa?

Rudi sasa kwenye Aprili 2019 na uulize: polima ilifeli? Kwa maoni yangu, hapana, si kwa maana ambayo watu walifikiri. Hakuna aliyelalamika kwamba utando umegeuka njano au umekatika kwenye mkunjo. Mikunjo 200,000 ya mashine ya maabara haikuwa uongo, ila ilikuwa jibu la swali jingine. Mashine ile inakunja na kukunjua. Haina ukucha, haina mfuko wa suruali wenye mchanga, wala haina mtu anayebonyeza kwa kidole pale pale kwenye bawaba.

Udhaifu ulikuwa kwenye jambo ambalo hakuna kemia ya poliimidi inayolitibu: wembamba. Kioo kina ugumu wa gigapaskali 70 hivi, tando hizi hazifiki hata moja ya kumi. Ukipunguza unene ili kukunja, ukatumia kitu laini mara kumi, kila kilicho chini kinaonekana juu. Chembe iliyoingia nyuma ya kioo cha kawaida haina lolote. Nyuma ya utando inakuwa uvimbe. Na kubandua tabaka la juu ni kuvuta matabaka yote kuelekea juu, kwenye taa zenyewe, ambazo zimeshikwa na chini kwa nguvu ndogo kuliko gundi ya juu. Ndivyo ninavyoelewa vifo vya simu za Gurman na Brownlee. Kungekuwa na kioo kigumu katikati, kingeubeba mvuto ule peke yake.

Marekebisho ya Julai yanaonyesha kwamba Samsung iliona hivyohivyo. Tabaka la juu liliongezwa hadi likaingia chini ya fremu, ukucha ukakosa pa kuanzia. Ncha za bawaba zikazibwa kwa vifuniko. Chini ya kioo zikawekwa tabaka za chuma za ziada, kuupa utando mgongo wa kuegemea. Plastiki yenyewe ilibaki. Simu ikauzwa Korea kuanzia 6 Septemba 2019, ikiwa na maonyo ya kutobonyeza kwa nguvu.

Katikati ya marekebisho hayo likaingia jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelipanga. Tarehe 1 Julai 2019 Japani ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 4 kila shehena ya bidhaa tatu kwenda Korea Kusini itahitaji kibali chake: floridi ya hidrojeni, dawa za kuchora chipu kwa mwanga, na poliimidi yenye florini. Serikali ya Japani ilitaja usalama. Wakorea waliona ni kisasi cha hukumu za mahakama yao kuu kuhusu vibarua waliolazimishwa kazi enzi za ukoloni wa Kijapani. Yale makundi ya florini, yaliyowekwa kwenye mnyororo ili majirani wasibanane, yakawa karata kati ya serikali mbili. Kolon Industries ya Korea ilikuwa tayari na mtambo wake wa poliimidi ang'avu huko Gumi, kwa hiyo nchi haikuwa mikono mitupu, lakini kwa kampuni inayotengeneza upya simu yake ghali kuliko zote, wakati haukuwa mzuri. Vikwazo vile viliondolewa Machi 2023.

Februari 2020 Samsung ikaleta Galaxy Z Flip, na kwenye kufunika juu poliimidi ikampisha kioo halisi, kioo cha mikroni 30. Rudia hesabu yetu: mikroni 30 kwa kipenyo cha milimita 3 ni asilimia moja. Kioo kilichoimarishwa kwa kemikali, ambacho uso wake umekwisha kubanwa tangu kiwandani, kinaweza kukifikia kiwango hicho. Wengi walishangilia kwamba plastiki imekwisha. Kisha Zack Nelson, anayetesa simu kwa kukwaruza mbele ya kamera, akapitisha vifaa vyake vya kupimia, na kioo kikachubuka kwa alama laini ambazo kioo hakichubuki nazo. Hata ukucha uliacha alama. Samsung ikaeleza: ni kioo kweli, ila juu yake kuna tabaka la kinga. La plastiki, bila shaka. Kioo cha mikroni 30 bila kitu cha kukifunika kikiguswa na chembe ya mchanga kinapasuka, na vipande vyake hutaki viwe karibu na kidole.

Nilipofika Kariakoo, fundi alikuwa ameilaza simu ile chini ya taa yake, imefunguka wazi. Tukaichungulia kwa pembeni kwa lenzi anayotumia kusoma namba za chipu. Ngozi ilikuwa imeinuka katikati tu, kwenye mkunjo, kama sentimita mbili. Pembeni ilikuwa imelala vizuri hadi ukingoni, na chini yake ulionekana uso mwingine unaometa tofauti. Protekta ya kiwandani, nikamwambia, na chini yake ni kioo chembamba kuliko karatasi ya daftari. Inaweza kutoka, kwa joto dogo na uvumilivu mwingi, ukivuta kwa kulala na si kwenda juu. Ukikosea milimita moja, umeua kioo chote.

Akamtazama mwenye simu, kijana aliyevaa kitambulisho cha benki shingoni. "Bosi, kuitoa ni elfu thelathini. Ikipasuka, mimi simo." Kijana akafikiri kidogo, akauliza kama ikiachwa hivyohivyo itaharibika. Fundi akasema itazidi kuinuka tu, vumbi litaingia, ila leo na kesho itafanya kazi. Kijana akaikunja, ikalia ule mlio wake mdogo wa sumaku, akaitia mfukoni na kuondoka nayo.